Mlango wa Nyuma wa Mama Nasra

Jumatatu, 8 Septemba

Mikono, mikono, mikono. Kutwa nzima nimeshona mikono ya magauni. Umeme ulikatika asubuhi, ukakatika tena baada ya adhuhuri. Mafundi wa ng'ambo ya barabara wenye cherehani za umeme walikaa wakapiga soga. Mimi nikaendelea. Miguu yangu haitumii luku.

Barazani kwa Mama Nasra, hapa Kasulu, hakuna pa kukanyaga. Binti yake anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na sare ya ukoo ni zambarau yenye maua ya dhahabu. Yeye anauza vitambaa ndani, mimi nashona nje, ndivyo tulivyo tangu Nasra hajaota meno. Ndugu wa Kigoma na wa Tabora wametuma vipimo kwa simu. Shangazi Zuwena wa Tabora ametuma vya ujana wake. Nimemwongezea kiunoni bila kumuuliza. Atanishukuru akikaa.

Vipimo vya kila mwanamke wa ukoo ninavyo. Vyangu hakuna aliyeuliza. Labda kwa sababu navijua mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Nasra amekuja barazani. Akaketi kwenye kigoda changu, akaweka miguu kwenye pedali kama alivyokuwa akifanya utotoni, akanivunjia sindano. Nimemgombeza kwa Kirundi, naye akajibu kwa Kirundi. Wateja wawili wakageuka kumtazama. Mwarabu anaongea Kirundi! Wanashangaa nini? Mgongo uliombeba ni huu. Yeye na mwanangu Elia walikunywa uji kwenye bakuli moja.

Aliniuliza kama siku ya harusi nitakaa naye ndani, chumbani kwa bibi harusi. Anaogopa ndugu wa Tabora. Nikamwambia nitakaa. Alipoondoka nilikuwa na furaha ya kijinga, nikaimba hadi jioni.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempigia dada yangu Marsiana, Kibondo. Aje na asali nzuri, isiyo ya moshi. Tunaandaa igiseke, kikapu cha heshima.

Kwetu mtoto wa rafiki akiolewa hupeleki bahasha. Unakwenda na kikapu cha mfuniko kichwani, wewe na wenzako, mmevaa vizuri, mchana kweupe. Mwenye nyumba anatoka mwenyewe, anakutua mlangoni mbele za watu. Hapo ndipo watu wanajua wewe ni nani katika nyumba ile. Mama yangu alifanya hivyo kule Muyama, kwa majirani Waha waliompa shamba alipokuja kutoka Burundi na watoto mgongoni. Alisema siku waliyomtua kikapu ndiyo siku aliyofika.

Marsiana akauliza kama huyo Mwarabu wangu anajua mambo haya. Anajua. Elia alipooa, Mama Nasra alikaa kiti cha pembeni yangu, akaniona natua vikapu kutwa, akauliza maana ya kila kimoja. Marsiana akasema, "Haya, tutaona." Simpendi anaposema tutaona.

Jumatano, 17 Septemba

Sare zimekwisha. Kitambaa kilibaki, kinatosha gauni moja. Nimekikunja vizuri nikakirudisha ndani. Mama Nasra alikuwa na simu mbili masikioni, akakipokea, akakiweka kwenye rafu. "Ahsante, fundi." Nikasimama kidogo. Nikatoka nikafagia nyuzi.

Nimeumia. Nitavaa kitenge cha Pasaka.

Jioni wageni wa Tabora wameshuka. Shangazi Zuwena ni mwanamke mrefu, mweupe kuliko wote, anatembea kama anayekagua mali. Mama Nasra akanitambulisha: "Huyu ndiye fundi wangu." Ni kweli, mimi ni fundi. Sijui nilitaka aseme nini.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika leo hii hii kwa sababu kesho nitaanza kujidanganya.

Tulitoka kwangu mimi, Marsiana na wanawake wawili wa jumuiya. Unga, maharage niliyoyachambua mwenyewe, na kikapu changu kilikuwa na asali. Njiani watu walitupisha. Wamama wa sokoni wakapiga vigelegele, wanajua vikapu vile maana yake nini. Mpaka getini nilikuwa nimenyooka.

Shangazi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni langu, zile inchi za kiunoni zinamsaidia. Akatuona. Akapunga mkono. "Nyie! Mizigo nyuma! Jikoni huko nyuma!"

Sikuondoka. Kwa sababu nyuma yake, ukumbini, nilimwona Mama Nasra. Macho yetu yakakutana. Mtu mwenye kikapu kichwani hawezi kuinama wala kupunga, anasimama tu na kutazama. Nikasimama. Akaangalia bangili zake. Akairekebisha moja. Akamgeukia mgeni mwingine.

Tukazunguka nyuma.

Jikoni msichana alinitua bila kunitazama. Asali akaiweka chini ya meza karibu na mafuta ya kupikia. Maharage akayamimina kwenye gunia moja na ya dukani. "Shika kapu lako, mama." Marsiana akasema neno moja tu: "Tugende." Wenzangu wakaondoka naye.

Mimi nikabaki, maana nilimwahidi mtoto. Nikapitia korido ya jikoni mpaka karibu na chumba cha bibi harusi. Shangazi Zuwena akanikuta pale. "Ah, fundi. Kuna gauni lililochanika?" Nikasema hakuna. Akanipa sahani chafu nizipeleke.

Nikazipeleka.

Si yeye anayenikera. Hanijui. Nakereka kwamba nilizipokea zile sahani kwa mikono miwili, kwa adabu. Nasra alikuwa ndani, amefunikwa uso. Baada ya alasiri gari likamchukua kwenda kwa mumewe, Tabora.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Marsiana amerudi Kibondo na gari la asubuhi. Hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema.

Jumatatu, 22 Septemba

Sikwenda barazani. Saa nne Mama Nasra akapiga simu. Nikaiacha iite. Akatuma ujumbe: Skola unaumwa? Mchana akamtuma mtu na dawa ya malaria na hotpoti ya pilau.

Pilau! Nimempa jirani, hotpoti na vyote vilivyomo. Baadaye nikanusa mikono yangu, bado ilikuwa na iliki, nikalia kama mjinga.

Alhamisi, 25 Septemba. Kibondo

Niko kwa Marsiana. Nimemwambia nimekuja kupumzika. Akanipa jembe. Huko ndiko kupumzika kwake.

Tumegombana shambani. Anasema Mwarabu ni Mwarabu, alidhani nini huyu mwanamke wa Muyama, ataketishwa kwenye zulia? Sikupenda. Nikamwambia yeye hamjui. Nilipokuwa na uchungu wa Elia, ni Mama Nasra aliyeniweka kwenye gari la mumewe na damu yote ile. Na wakati ule watu wanaulizwa vibali sokoni, cheti changu cha uraia kiko kabatini nyumbani, ni yeye aliyetoka dukani akasimama mbele yangu akawaambia, "Huyu ni wangu." Wakaniacha.

Marsiana akainua jembe. "Wangu. Kama mbuzi."

Kisha akauliza jambo lingine, polepole, huku anapalilia. Wewe unamwita Mama Nasra. Yeye anakuitaje?

Skola. Ananiita Skola. Ama fundi. Elia ana ndevu sasa, ana mtoto. Mtaa mzima unaniita Mama Elia. Miaka yote hii sikuwahi kuligundua hilo. Nimekaa chini kwenye tuta, dada yangu akaendelea kulima.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimefikiri. Tumeongea kila kitu, mimi na yeye. Waume, hedhi, uchawi, bei ya uzi, kifo cha mama yake. Rangi hatujawahi kuigusa. Tulikuwa tunaitania tu. Mimi nikimaliza gauni namwambia, nyie Waarabu hamna makalio ya kujaza kitambaa. Yeye ananiambia, kaa kivulini Skola, usije ukazidi kuungua. Tunacheka. Watu wanasema tazama wanavyopendana.

Nadhani tulikuwa tunacheka ili tusije tukaongea.

Jumanne, 30 Septemba

Cherehani yangu imefika. Kichwa, meza, pedali, mkasi, hata kopo la vifungo. Dereva wa mizigo ameishusha uani kwa Marsiana, akasema ametumwa kutoka Kasulu, hana maneno zaidi.

Basi. Nimefukuzwa. Baraza lilikuwa lake, silipi pango, ana haki. Lakini hata kuandika mistari miwili? Mbwa wa mtu anafukuzwa kwa kuambiwa toka.

Marsiana ameifuta vumbi. Sijaigusa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Amekuja.

Alikuja na basi, peke yake, baibui imejaa vumbi. Hakujua nyumba, amekuwa akiuliza tangu stendi. Watu wa Kibondo wakimwona Mwarabu anatembea kwa miguu wanadhani gari limemharibikia. Watoto walimsindikiza hadi uani.

Akanisalimu: "Mama Elia." Nikashtuka, nikawa kama ninayeitwa dirishani hospitali. Kumbe Nasra amemwambia. Nasra alinipigia kutoka Tabora Jumatano, analia, ananiuliza kwa nini sikukaa naye. Sikujibu vizuri, nikamlalamikia hata jinsi mama yake anavyoniita. Akampigia mama yake.

Marsiana akamwekea kiti, akaenda zake kisimani. Ndoo zilikuwa zimejaa.

Kwanza alisema mambo ya kijinga. Wageni walikuwa wengi. Alidhani nitaelewa. Na kitambaa kilichobaki alikiacha rafuni akidhani nitajikatia mwenyewe, kama ninavyojikatia siku zote, mbona nilikirudisha? Hilo nimeliamini. Mimi na maringo yangu ya kukunja. Lakini nikamuuliza, na mlangoni? Mlangoni ulidhani nini?

Kuku wakapita. Kisha akasema, "Niliona haya."

Haya ya nini? Nilitaka atamke. Akatamka. Akasema ndugu wa Tabora wanawaita wao wa Kasulu Waha weupe. Tangu msichana wanamtazama anavyokula, anavyotamka Kiarabu, anavyosuka nywele. Bibi yake, mama wa huyo huyo Shangazi Zuwena, alikuwa Muha wa Heru. Alikuwa anabeba vikapu kichwani kama mimi. Hakuna anayemtaja. Aliponiona mlangoni na kikapu aliona wageni wote watasema: ndio hawa, ndio watu wake. "Nikaogopa, Skola. Nikaangalia bangili."

Jina la Mama Elia alikuwa ameshalisahau.

Nikasema pole. Nilimaanisha. Lakini pia nikamwambia, bibi yako alikuwa Muha, sasa hiyo inanisaidia nini? Mimi ndiye niliyezunguka nyuma.

Hapo akakasirika. Ni haki yake. Akasema hata mimi sijawahi kumuuliza. Amezaliwa Kasulu, baba yake amezikwa Kasulu, na walevi wakipita dukani wanamwambia rudi kwenu Maskati, mimi niko pale pale nje nazungusha gurudumu. Ninatabasamu. Maskati amekwenda mara moja, akaumwa tumbo kwa joto, na huko wakamuita Mswahili.

Nikamwambia kitu ambacho sikujua kama ninacho. "Wewe wakikwambia rudi kwenu, unafunga duka unakunywa chai. Mimi wakiniambia, malori nimeyaona. Kambini Mtabila niliyaona yakipakia watu na magodoro yao kuwarudisha Burundi. Haya maneno si sawa, Salma, hata yakiwa yale yale."

Nilimwita Salma. Mara ya kwanza. Akageuka kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Akatikisa kichwa, akasema hakuwahi kufikiria hivyo. Akalia kidogo, kwa kujificha, nami sikwenda kumbembeleza. Ilikuwa vigumu kutokwenda.

Nikauliza kuhusu cherehani. Akashangaa kwamba nilidhani nimefukuzwa. Akasema mwenyewe ameisimamia ikifungwa kamba, na alimzuia dereva asiseme neno maana neno lolote lingeonekana kuniita. "Sikutaka urudi kwa sababu ya cherehani. Nikasema akirudi, arudi akiwa hana kitu chake kwangu."

Hii ndiyo akili ya Salma. Anafanya jambo zuri kwa namna ya kukuua kwa presha.

Marsiana akarudi na maji tusiyoyahitaji, akapika ugali na dagaa. Salma akala kwa mkono, sana. Akaondoka na basi la mwisho. Hatukukumbatiana. Sijamsamehe. Pia nilitamani asiondoke.

Jumapili, 5 Oktoba

Padri alihubiri kuhusu jirani. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza: na mimi je, siku nikiwa na ndugu wa Tabora wangu? Siku viongozi wa jumuiya wakija kwangu na Salma amekaa sebuleni na ushungi wake, nitasema huyu ni nani? Nitamwita Mwarabu wetu mwenye duka. Najijua.

Marsiana ananiuliza narudi ama sirudi. Barazani sirudi. Kasulu narudi. Akasema kuna tofauti gani. Kubwa, nikamwambia, na akaniacha.

Jumatano, 15 Oktoba. Kasulu

Nimepata chumba kidogo nyuma ya soko, nashirikiana na fundi viatu. Kinanuka gundi. Mvua ya kwanza imenyesha na bati linavuja palipo na cherehani, nimeisogeza. Wateja wachache. Wale wa zamani wananiuliza kama tumegombana, mimi na Mwarabu. Ndiyo, nasema. Na sasa? Sasa nashona.

Siku mbili za kwanza nilikuwa na hofu kubwa. Barazani kwake wateja walikuwa wanatoka ndani na kitambaa mkononi wananikuta. Hapa inabidi wanitafute. Nilijuta. Kisha akaja mama mmoja na vitambaa vya kwaya nzima, kaelekezwa na Salma. Sikujua nifurahi au nikasirike. Nikavipima.

Jumapili, 19 Oktoba

Salma alinialika kwake baada ya misa. Niliingia mlango wa mbele kwa sababu ndio ulikuwa wazi. Tulikuwa wawili tu, tukaketi kwenye zulia. Ni la kawaida, linachoma magoti. Aliniambia amempigia Shangazi Zuwena, akamweleza mimi ni nani, na Shangazi akasema, "Basi ungesema mapema, nisingempa sahani." Salma akaniangalia aone kama nitacheka. Nilicheka. Kisha sikucheka. Kumbe asiyejulikana ndiye wa kupewa sahani? Nikamwambia hivyo. Akasema hilo nalo hakulifikiria.

Tunachoka. Kila tukikaa tunatoa mwiba mwingine. Zamani ilikuwa raha zaidi, nakiri.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua asubuhi, jua baadaye. Nimemaliza sketi za kwaya.

Salma alikuja saa tisa, akaketi kwenye benchi la wateja. Nikamwagizia chai ya tangawizi. Tukawa tunazungumza habari za Nasra, kwamba anatapika asubuhi na anajifanya ni chakula cha Tabora. Akaja mama wa Nyabibuye, kule mpakani na Burundi, kuchukua gauni la mtoto, akabembeleza bei mpaka nikapunguza. Alipotoka Salma akasema, "Hawa Warundi nao, kwa kung'ang'ania!"

Zamani ningetabasamu. Nikasimamisha pedali. Nikamwambia umesema hawa, na mimi nimekaa hapa.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema na mimi kila siku nasema Waarabu na bei zao. Nikasema ni kweli nasema, nitajitahidi, lakini sasa tunaongelea lako. Fundi viatu akainamia kiatu chake kama anatafuta kitu ndani. Hatukupandisha sauti. Ilikuwa mbaya hata hivyo.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Salma akainuka, akachukua mkoba, akatoka kwenda kuswali bila kuaga. Chai yake ilikuwa nusu. Nikaitazama, nikajiambia haya, leo ndiyo imekwisha. Nikaendelea kushona pindo, nikalikosea, nikalifumua.

Alirudi. Miguu bado ina maji ya udhu. Akaketi pale pale, akachukua kikombe, chai ilikuwa imepoa, akainywa.